Mkalimani Hasemi "Anasema"

Kazi ya ukalimani kanisani ina sharti moja, na ukilivunja hutaitwa tena madhabahuni: usiseme "anasema". Pasta akisema "Mimi nilikuwa mlevi", na wewe unasema "Mimi nilikuwa mlevi", hata kama hujaonja bia tangu uzaliwe na mama mkwe wako amekaa kiti cha mbele. Akisema "Mimi nilimwona Bwana", basi na wewe umemwona. Akilia, unalia kidogo. Akiruka, unaruka, ingawa mimi kwa mwili huu nilionao na viatu vya kisigino huwa nainua mabega tu na watu wanaelewa.

Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi katika kanisa letu hapa Gisenyi, si mbali na Petite Barrière, mpaka mdogo wa kuvukia kwenda Goma. Pasta wetu, Niyigena, alikulia Masisi, upande wa Kongo. Kinyarwanda anakijua vizuri kabisa, ila anasema moto humshukia kwa Kiswahili, na kweli waumini wake wa kwanza walikuwa watu wa Goma waliokuwa wakivuka kuja kusali. Basi yeye anahubiri kwa Kiswahili chake cha Kongo, na mimi, Uwamariya, mama Immy, niliyezaliwa na kusomea Karagwe kule Tanzania, nakigeuza kuwa Kinyarwanda kwa ajili ya wenyeji. Sentensi yake, sentensi yangu, tunapokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Watu wanasema tukiwa motoni huwezi kujua nani kaanza.

Tatizo langu ni moja. Siamini tena. Nikisema hivyo naona nimetia chumvi, maana nikijikwaa bado naita "Yesu!" kabla sijamwita mtu mwingine yeyote. Basi niseme hivi: sijui kama naamini, na katika mji huu hakuna hata mtu mmoja ninayeweza kumwambia.

Ilianza baada ya mto Sebeya kufurika. Mfanyabiashara mmoja, Kimenyi, alisimama kutoa ushuhuda kwa Kiswahili, na mimi nikasimama naye kama kawaida. Alisema maji yalifika kwenye lango lake, Mungu akayaambia basi, yakageukia upande wa pili. Nikasema: maji yalifika kwenye lango langu, Mungu akayaambia basi, yakageukia upande wa pili. Upande wa pili ni kwa Uwimbabazi, dada mmoja mpole wa kamati ya mapambo, aliyepoteza watoto wawili usiku ule. Alikuwa amekaa mbele yangu. Kimenyi hakumwona, au hakufikiri. Mimi nilimwona, na nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa Kinyarwanda safi, kwamba Mungu ndiye aliyeyageuza maji. Uwimbabazi akapiga makofi pamoja na wengine.

Makofi yale yalinichoma kuliko kama angenitukana. Tangu siku ile kila nikipiga magoti nasikia swali moja tu, na wale watoto je? Nimesoma majibu yote. Mengine nimeyatafsiri mimi mwenyewe kwenye semina, tena kwa ufasaha. Hakuna lililokaa moyoni.

Nilimwuliza mume wangu mara moja. Karenzi ni mzee wa kanisa, askari mstaafu aliyekulia Uganda, na maswali anayapenda kama anavyopenda kung'olewa jino.

"Baba Immy," nikamwambia tukiwa mezani, "yale maji, aliyeyapeleka kwa Uwimbabazi ni nani?"

Aliweka kijiko chini. "Umechoka," akasema. "Nenda ukaombe."

Nikaenda chumbani, nikapiga magoti, nikakaa pale naangalia shuka. Niliporudi nikamwambia nimeomba, akafurahi, akaniongezea chai.

Utaniambia niache. Niache nini? Duka langu la vitenge linaitwa Neema Yatosha. Wateja wangu ni wanakwaya na wake za wazee wa kanisa. Ibada ya katikati ya wiki ni sebuleni kwangu, viti ni vya kanisa, hata sufuria kubwa ya chai ni ya kanisa. Binti yangu Immy amechumbiwa na kijana anayepiga kinanda kanisani. Nikitoka kanisani nimetoka dukani, nimetoka sebuleni, na sijui hata kitandani ningelala upande gani. Kwa hiyo nikabaki. Kila Jumapili nasimama mbele ya watu nasema "mimi najua, mimi nimeona, mimi nimesikia", na nikishuka madhabahuni shingo inauma kana kwamba nimebeba gunia.

Sasa nije kwa Mukandori.

Mukandori, mama Cyuzuzo, ni mkulima wa viazi kule Mudende, juu kwenye baridi. Tulizoeana sokoni. Yeye huniletea viazi, mimi humpa kitenge, na katikati tunacheka sana, kwa sababu ni mwanamke mwenye ulimi. Mimi ndiye niliyemleta kanisani, enzi zile bado nawaka. Kiswahili hajui zaidi ya salamu. Kila alichokijua kuhusu Mungu wa kanisa letu kilipita mdomoni mwangu.

Mumewe, Gakwaya, ni mtu wa ikigage, ile pombe ya mtama, na kanisani hajawahi kukanyaga. Anasema Mungu akimtaka anajua baa alipo. Mukandori alikuwa akimwombea kwa sauti kila Jumapili, na kanisa zima lilijua habari za Gakwaya kama habari za jirani.

Jumapili moja Pasta Niyigena alimwita mbele. Alimwekea mkono kichwani, akafumba macho, halafu akasema, "Mama, Bwana anasema, bwana yako ataokoka."

Nami nikasema, "Umugabo wawe azakizwa."

Sikukosea. Naomba hilo lieleweke, maana najua wapo wa kunisengenya. Katika kanisa la Kinyarwanda kuokoka ni *gukizwa*, na hata ungeita wakalimani wote wa Rwanda wangekupa neno hilohilo. Lakini *gukizwa* ni kuponywa pia. Neno moja, milango miwili. Sisi wote pale tulipita mlango wa wokovu, kwa sababu tulimjua Gakwaya kwa ulevi wake. Hatukujua kwamba wiki hiyo alikuwa kitandani, ana kisukari ambacho hakukitibu, na kidonda kilichoanzia ndani ya buti la mpira kimeshapanda mguuni. Mukandori alijua. Akapita mlango wa pili, akaanguka chini, akalia kwa furaha, na kanisa likashangilia.

Habari ya ugonjwa niliipata dukani, mtu wa Mudende alipopita kuulizia bei. Nikafunga duka, nikaenda hospitali.

Gakwaya alikuwa amelala akiongea peke yake kwa homa, anawafukuza ng'ombe wasiingie shambani. Harufu ya mguu niliikuta mlangoni. Mukandori alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda, amevaa kitenge nilichompa mimi, uso umetulia kama mtu anayengoja mgeni aliyeahidi kuja. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alinivuta pembeni. Akaniuliza kama mimi ni ndugu. Nikasema ndiyo.

"Huu mguu tuukate chini ya goti, leo," akasema. "Ukibaki mpaka kesho, tutakuwa hatuzungumzii mguu tena. Mgonjwa hajitambui, mkewe ndiye wa kukubali, na amekataa. Nimeongea mpaka nimechoka. Anasema ameahidiwa."

Nilirudi mkekani nikakaa naye. Tulizungumza Kinyarwanda, na hapa nakigeuza kama nilivyozoea.

"Mama Cyuzuzo, kwa nini hutaki?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ndiye unayeniuliza? Si wewe uliyeniambia? Azakizwa. Mungu hasemi atamponya halafu akamponya nusu. Nikikubali akatwe, nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba ni mwongo."

Nikamweleza. Nilimweleza polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza: Pasta alisema *ataokoka*, maana yake kuzaliwa mara ya pili, kuacha pombe, kumpokea Yesu. Hakusema *atapona*. Kwa Kiswahili ni maneno mawili. Kwa Kinyarwanda yameangukia neno moja.

Mukandori alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipigapiga gotini, kama vile mimi ndiye mwenye mgonjwa.

"Mungu anajua Kinyarwanda," akasema. "Alijua mimi nitasikia nini. Angetaka nisikie kingine, angekupa neno lingine."

Nilikasirika. Nilitaka kumtikisa. Nani alimfundisha kujibu hivyo? Mimi. Kwa mdomo huuhuu nilimwambia Jumapili baada ya Jumapili kwamba Neno halirudi bure na daktari haoni anachokiona Mungu. Kila ukuta aliokuwa amejificha nyuma yake, matofali yake nilimkabidhi mimi.

"Pasta akikwambia mwenyewe?" nikauliza.

"Pasta akiniambia Mungu amebadilisha, nitamsikiliza."

Nikachukua pikipiki hadi Rubona. Nyumba ya Pasta iko juu ya bandari, mahali ambapo upepo ukigeuka unaleta harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia, na yeye hutania kwamba Mungu alimpa kiwanja cha majaribu. Nilimkuta uani anarekebisha banda la sungura, amevaa kaptura. Niseme ukweli, Niyigena si tapeli. Sadaka haigusi, hana gari, na mtu akifiwa yeye ndiye anayekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ndiyo maana sikujua cha kufanya na hasira yangu.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alikaa juu ya ndoo.

"Mi nilisema ataokoka," akasema. "Ile neno njo ilikuya. Ya kupona sikuisema."

"Najua, Pasta. Basi twende ukamwambie. Au mpigie simu sasa hivi. Mwambie Mungu hakuahidi mguu."

Akajifuta mikono kwenye kaptura.

"Mama Immy, unaona vile iko ngumu? Nikimuambia Mungu hakusema, akubali, na bwana yake akufe kwa kisu, atasema ni mi nilimuondosha imani. Nikimuambia angojee, akufe na ule muguu, bon, ni mi tena. Mi ni nani niseme Mungu hatamuponesha? Pengine atamuponesha."

"Pengine?"

"Tufunge na tuombe. Kanisa yote. Kuanzia leo."

"Mguu haufungi, Pasta! Mguu unaoza!"

Sikuwa nimewahi kumpazia sauti maishani mwangu. Mkewe alichungulia dirishani akarudi ndani. Nikaona siwezi tena kukomea hapo, nikamwuliza swali ambalo mkalimani hamwulizi mhubiri.

"Siku ile, ulipomwekea mkono. Ulisikia kweli?"

Niyigena aliinama akaokota misumari yake chini, mmoja mmoja.

"Ile swali usiniulize, mama," akasema. "Tafazali."

Nilirudi mjini na pikipiki ileile. Njia nzima nilikuwa nafikiri. Pasta hatakuja. Daktari ameshindwa. Kama Mukandori anashikilia neno kwa sababu lilipita kwangu, basi dawa ni moja: ajue limepita kwenye nini. Nilikuwa nimekificha kitu hiki kwa mume wangu, kwa binti yangu, kwa kila mtu, na sasa nilikuwa naenda kukimwaga mbele ya mwanamke ambaye kila wiki hukutana sokoni na nusu ya kanisa. Niliona duka limefungwa. Nilimwona Karenzi anashindwa kunitazama usoni, na Immy anarudishiwa barua ya uchumba. Niliogopa kiasi kwamba nilitamani pikipiki iharibike. Haikuharibika.

Mukandori alikuwa palepale mkekani. Gakwaya alikuwa ameacha kufukuza ng'ombe, anapumua tu, na kimya chake kilinitisha zaidi.

"Nisikilize," nikamwambia. "Mimi siamini."

"Huamini nini?"

"Siamini. Ninaposimama pale mbele sisikii chochote. Roho hanigusi. Nageuza maneno tu, kama mtu anayegeuza chapati. Ni muda sasa, tangu mafuriko. Nikikuombea, naomba kwa mazoea. Neno ulilolishika limepita kwa mtu asiyejua hata kama Mungu yupo. Kwa hiyo usiliweke juu ya uhai wa mumeo. Nakuomba."

Lilikuwa jambo zito kuliko yote niliyowahi kusema, na nililisema kwa lugha yangu, bila mtu pembeni. Nilingoja anitukane. Nilingoja ainuke.

Mukandori alilia. Alinishika mikono yote miwili, akainua macho juu, na uso wake uking'aa machozi akasema, "Asante, Mungu wangu. Asante."

"Unashukuru nini?"

"Nilikuwa nimeanza kuogopa," akasema. "Ulipoondoka nilijiambia, labda Mama Immy alinihurumia siku ile, akasema kwa kuwa ananipenda. Sasa najua. Wewe huamini, na bado ulilisema. Basi halikuwa lako. Kwenye Biblia Mungu alishasema kwa kinywa cha punda, atashindwaje kwako?"

Nimeitwa mengi maishani, lakini punda sikutegemea. Ningecheka kama si ile harufu. Nilikuwa nimetoa kitu cha mwisho nilichokuwa nacho, na alikichukua akakitia kwenye ukuta uleule kuwa tofali jingine. Nikiamini, neno ni la Mungu. Nisipoamini, ni la Mungu zaidi. Hapakuwa na upande wa kutokea.

Daktari alisimama mlangoni. Alitazama mgonjwa, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mlango mmoja umebaki, na ni ule ambao nisingetaka kuupita. Mukandori asingeamini maneno yangu. Angeamini mdomo wangu ukimsemea Mungu. Nikasimama. Nikamwekea mkono kichwani kama Pasta anavyofanya, nikafumba macho. Nakumbuka nilijiuliza kwa hasira: kama huamini, unamwogopa nani? Nilimwogopa.

"Uku ni ko Uwiteka avuga," nikasema. Bwana anasema hivi.

Nilisikia Mukandori anashusha pumzi chini ya kiganja changu.

"Bwana anasema, nimesema atapona, na atapona. Mkono nitakaomponyea ni wa daktari huyu aliyesimama mlangoni. Mguu niachie mimi. Usinichagulie njia. Ondoka, ukakubali."

Halafu Mukandori akauliza kwa sauti ndogo, bila kufumbua macho, "Ni Yeye, au ni wewe?"

Hapakuwa na pasta wa kumgeuzia swali. Nilikuwa nimezoea sana kusema "mimi" nikimaanisha mtu mwingine, na sasa nilitakiwa kusema "Yeye" nikimaanisha sijui nani.

"Ni Yeye," nikasema.

Aliinuka papo hapo. Alikwenda kuweka dole gumba kwenye fomu haraka kama mtu anayewahi gari, akimhimiza daktari, na Gakwaya akasukumwa na kitanda chake hadi chumba cha upasuaji. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo, nikatapika.

Gakwaya alipona. Homa ilishuka, kidonda kikafunga, na neno la kwanza alilosema akijitambua lilikuwa kuulizia ikigage. Kuhusu mguu alisema ulikuwa unamchelewesha tu. Hajaokoka, na kwa ninavyomjua hataokoka. Lakini hebu nenda kamwambie Pasta hivyo! Alisimama madhabahuni akasema, "Niliwaambia ataokoka! Je, hakuokoka?" Kwa Kiswahili aliyenusurika kufa ameokoka, nani atabisha? Nilisimama pembeni yake nikatafsiri, na kanisa likalipuka kwa vigelegele. Sasa hata Kiswahili, lugha niliyodhani iko upande wangu, kilikuwa kimehamia kwao.

Mukandori hakusema kwa mtu yeyote kwamba siamini. Alisema yaliyobaki. Alisema sokoni, alisema Mudende, alisema kwenye ibada sebuleni kwangu, akiwa amekalia kiti cha kanisa: Mama Immy alinipa neno bila pasta, na mume wangu yu hai. Watu wakaanza kuja dukani bila kununua kitu. Msichana mmoja alitaka kujua kama mchumba wake wa Kigali ni wa Mungu. Mama mmoja alikuja na soksi ya mtoto wake mgonjwa, niiombee. Hata jirani yangu Saidati, Mwislamu, anayeuza maziwa, alivizia wateja wameisha akaniuliza kwa siri habari za mguu wake wa kushoto. Nikiwaambia sina neno, wanaondoka wakisifu unyenyekevu wangu. Karenzi anatembea amenyoosha kifua. Siku moja nilimsikia kwenye simu akimwambia mtu, "Mke wangu zamani alikuwa na maswali. Niliomba sana."

Nilipanga kumwomba Pasta anipumzishe. Niliwahi kanisani mapema Jumapili iliyofuata, nimeshaandaa maneno. Alikuwa amezungukwa na wazee, hakunipa nafasi. Ibada ikaanza. Ilipofika zamu ya neno, akapanda, nami nikapanda, nikasimama kushoto kwake kama siku zote, nikangoja sentensi ya kwanza.

Akanipa kipaza sauti chake.

"Leo mi sihubiri," akawaambia watu. "Mungu ameinua mama huyu. Leo Mama Immy atasema na Kinyarwanda, na mi njo nitakuwa mukalimani yake. Nitageuza kwa Kiswahili, kwa ndugu zetu wa Goma."

Walishangilia mpaka bati likaitika. Karenzi alisimama kiti cha mbele akipiga makofi juu ya kichwa. Immy alikuwa anarekodi kwa simu. Mukandori alikuwa ameshapiga magoti. Niyigena alichukua kipaza sauti cha pili, kile changu, akasogea kushoto kwangu, akaunganisha mikono mbele na kuinamisha kichwa kidogo, kama mimi nifanyavyo.

Kelele zikaisha. Wote wakanitazama. Nilitafuta sentensi yoyote, hata zile za mazoea ambazo hutoka zenyewe kama jasho. Hazikuja. Sikuwa na mtu wa kurudia maneno yake. Kilichokuwepo ni mimi na kile kitu kimoja ninachokijua kwa hakika, nikaona kuliko kumtaja tena Bwana kwa uongo, heri nikiseme hicho, liwe litakalokuwa.

"Simbizi," nikasema. Sijui.

Pasta hakugeuza. Nilidhani hakusikia. Niligeuka, nikaona amesikia vizuri sana. Alikuwa ananitazama, na mkono wenye kipaza sauti umeganda tumboni. Angeweza kusema lolote. Watu wa Goma wangelipokea, na Wanyarwanda wangedhani Roho amemwongezea. Angeweza kusema "Mungu ndiye ajuaye" akaniokoa, na mimi ningeitikia kwa kichwa tukaendelea. Angeweza hata kusema "anasema". Aliinua kipaza sauti polepole mpaka mdomoni.

"Na mi sijue," akasema.

Mimi nilikuwa nimesema neno moja tu. Ile "na" aliiweka mwenyewe. Kanisa zima likajibu "Amina!", kisha wakanyamaza, wakangoja tuendelee.